Mutanti wa kuvu: taa ni dakika nne, kupima ni miezi minne

Kila mwaka vijana wa mafunzo kwa vitendo wakiingia maabara, kabla hata hawajajua choo kiko wapi, swali la kwanza ni lile lile: "Kaka, nipige UV dakika ngapi?" Wa pili anataka kujua kama duara kubwa kwenye sahani ndiyo ushahidi kwamba mutanti (kuvu iliyobadilika DNA) kapatikana. Wa tatu amesharudi kwao Moshi na ananipigia saa tatu usiku: mutanti wake aliyemfurahisha mwezi uliopita, leo hatoi kitu. Nimeyajibu haya kwa mdomo mpaka nimechoka. Leo nayaandika.

Nitatumia mfano mmoja tu: kuongeza selulesi, kimeng'enya kinachovunja selulosi, kutoka kwa kuvu ya Trichoderma, kwa mionzi ya urujuanimno (UV). Nimechagua selulesi kwa sababu huku kwetu chakula cha kuvu hii hakinunuliwi kwa bei ya dhahabu. Bagasi, yaani makapi ya miwa, ipo kiwanda cha sukari cha TPC, maganda ya kahawa yapo kila penye mashine ya kukoboa, na kihamba chochote Kilimanjaro kina shina la mgomba linalooza. Ukitaka amilesi, kimeng'enya kinachovunja wanga, fuata hatua hizi hizi, ila weka wanga kwenye sahani na uangalie kwa iodini.

Nadharia ni kidogo. Aliyeona mbege (pombe ya ndizi) ikipikwa anajua kimea cha ulezi kinavyofanya kazi yake humo. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya. Kuvu nayo hutema vimeng'enya nje ya mwili wake ili ipate kula, na kwa kawaida hutema vya kuitosha yenyewe, si vya kukutosha wewe. UV huharibu DNA ya spora, yaani mbegu ya kuvu, bila kuchagua mahali. Spora hujaribu kuziba pengo, na ikiziba vibaya unapata badiliko. Mabadiliko mengi hayana maana, mengine yanaua, machache mno yanakufaa. Kwa hiyo taa haitengenezi mutanti bora. Taa inakuletea umati, wewe ndiye wa kumtafuta mmoja ndani yake.

Kabla hujaanza

Hakikisha hivi vipo mezani, siyo "vitakuja wiki ijayo":

- Ukoo mmoja wa Trichoderma uliokwisha kutambuliwa. Ukoo ni kizazi kilichotoka kwenye spora moja.
- Taa ya UV ya nanomita 254, ile ya kuulia vijidudu. Taa ya dukani ya kukagulia noti bandia ni ya nanomita 365, haifai.
- Sahani za petri, angalau mbili ziwe za kioo, na sumaku ya kukorogea.
- Media (chakula cha kuoteshea kuvu) ya viazi: viazi mviringo gramu 200, glukosi gramu 20, agari gramu 15 hadi 20, maji hadi lita moja. Viazi vya soko la Kilombero vinatosha kabisa.
- Media ya kuchujia: chumvi za Mandels (nitazitaja kwenye hatua ya 7), CMC (selulosi iliyofanywa iyeyuke majini) gramu 10, agari gramu 15 na Triton X-100 (sabuni ya maabara) mililita 1 kwa lita. Usiiache Triton. Bila hiyo Trichoderma moja inafunika sahani nzima kwa siku tatu na huna cha kuhesabu.
- Kongo-redi (rangi inayoshika selulosi) ya asilimia 0.1, na maji ya chumvi ya mezani gramu 58.5 kwa lita.
- Bafa (maji yanayoshikilia pH isiyumbe) ya sitreti ya moli 0.05 yenye pH 4.8, kitendanishi cha DNS cha kupimia sukari, na spektrofotomita inayosoma nanomita 540.
- Darubini na kioo cha kuhesabia chembe.
- Foili, taa nyekundu, miwani ya kuzuia UV, glovu, koti la mikono mirefu.
- Kaunta buku. Simu inazimika, karatasi moja moja zinapotea.

Kuna jambo la mahali petu ambalo vitabu havisemi. Vinaandika media ichemshwe kuua vijidudu kwa nyuzi 121 kwa dakika 15, au paundi 15 kwenye saa ya presha. Lakini saa ya presha inasoma kilichozidi juu ya hewa ya mahali ulipo. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Paundi 15 za saa hapa zinakupa kama nyuzi 118 na kitu, hazifiki 121. Kama otoklevu yako (chombo cha kuchemshia kwa mvuke wa presha) inaongozwa na kipimajoto, huna shida. Kama unatumia sufuria ya presha, na wengi wetu ndiyo tulianzia huko, nenda dakika 30, na uhesabu baada ya hewa yote kutoka. Moshi wako chini yetu, kwao afadhali kidogo, lakini nao waongeze muda.

Onyo moja kabla ya hatua. Usiokote kuvu ya kijanikibichi kwenye mahindi ukaanza kuitafutia mutanti kwa sababu eti "inakua vizuri". Inaweza kuwa Aspergillus flavus, na hiyo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumukuvu hiyo. Ukoo usiojulikana jina haupigwi mionzi.

Hatua

1. Msafishe mzazi. Panda Trichoderma kwenye media ya viazi, nyuzi 28, siku 5 hadi 7, mpaka sahani igeuke kijani. Chukua spora, zipunguze nguvu kwa maji safi mara kumi kumi, panda, kisha chukua koloni moja lililotoka kwenye spora moja. Rudia mara mbili. Huyo ndiye mzazi. Mpe jina na tarehe, muweke akiba mara mbili, tofauti. Juni hadi Agosti chumba cha Arusha hakifiki nyuzi 28 hata mchana, kwa hiyo usiotesee juu ya kabati ukasema kuvu ni mvivu. Tumia inkubeta.

2. Mpime mzazi kabla ya kumgusa. Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Otesha mzazi kwenye flaski tatu na upime selulesi yake kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya 7 na 8. Rudia wiki inayofuata. Ukiona flaski tatu za mzazi yule yule zinatofautiana kwa theluthi nzima, tatizo ni mkono wako au mashine yako, na hakuna mutanti atakayeonekana ndani ya vumbi hilo. Rekebisha kwanza. Mwenzangu mmoja alikaa wiki sita kwenye hatua hii, watu wakamcheka. Matokeo yake ndiyo pekee tuliyoweza kuyarudia.

3. Vuna spora, zichuje, zihesabu. Mimina kwenye sahani iliyokomaa mililita 10 za maji safi yenye Tween 80, sabuni nyingine ya maabara, kidogo (asilimia 0.05 inatosha). Sugua taratibu kwa kijiti cha kioo. Chuja kwa pamba safi ili nyuzi zibaki juu na spora zipite. Usipochuja, kipande cha uzi chenye viini vingi kitasalimika kwenye mionzi na utadhani ni spora sugu.

Hesabu kwenye darubini. Mraba mkubwa wa katikati wa kioo cha kuhesabia unabeba ujazo wa 1/10,000 ya mililita. Kwa mfano umepunguza mara 10 na umehesabu spora 210 kwenye mraba huo: 210 × 10,000 × 10 ni milioni 21 kwa mililita. Unataka mililita 10 zenye milioni 1 kwa mililita, basi chukua mililita 0.48 na ujaze maji hadi 10. Angalia kama spora zimeachana. Zikiwa zimeshikana mafungu mafungu, zile za chini zinajificha kwenye kivuli cha za juu.

Tunapenda Trichoderma kwa sababu spora yake ina kiini kimoja. Aspergillus oryzae, kwa mfano, ina spora zenye viini vingi. Kiini kimoja kikibadilika, vingine vinakificha na koloni linakuwa mchanganyiko.

4. Chora mkondo wa vifo. Hapa ndipo penye jibu la "dakika ngapi", na jibu ni kwamba hakuna anayejua kwa niaba ya taa yako. Taa mpya na taa ya miaka mitatu hazilingani, sentimita 15 na sentimita 30 hazilingani, maji membamba na maji mazito hayalingani.

Washa taa dakika 20 kabla ili itulie. Weka mililita 10 za spora kwenye sahani ya kioo yenye sumaku, sentimita 20 chini ya taa. Zima taa za kawaida, washa nyekundu. Ondoa mfuniko. Nasema tena, ondoa mfuniko. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga spora dakika 20 na hakuna hata moja iliyokufa. Nikamwendea msimamizi mbio kumwambia nimepata kuvu isiyouawa na UV. Hakusema kitu. Alichukua mfuniko wa kioo uliokuwa bado juu ya sahani yangu, akaniwekea mkononi. Kioo cha kawaida hakipitishi nanomita 254, na plastiki ya sahani nayo vivyo hivyo.

Chukua mililita 0.2 kabla ya kuweka sahani chini ya taa, kisha baada ya dakika 1, 2, 3, 4, 6 na 8. Kila sampuli iingie kwenye kijichupa kilichofungwa foili, kisha friji ya kawaida kwa saa moja au mbili. Giza hili si mbwembwe: kuvu ina kimeng'enya kinachotumia mwanga kuziba majeraha ya UV, tena kinaziba vizuri mno. Ukiacha mwanga uingie unafuta kazi yako mwenyewe. Panda kwa viwango tofauti vya kupunguza, otesha gizani siku tatu, hesabu makoloni.

Mfano wa hesabu. Sampuli ya dakika 0 iliyopunguzwa mara 1,000 imepandwa mililita 0.1 na kutoa makoloni 112: hiyo ni 1,120,000 kwa mililita. Sampuli ya dakika 4 iliyopunguzwa mara 10 imetoa 134: hiyo ni 13,400 kwa mililita. Gawanya, utapata asilimia 1.2 waliobaki hai. Dakika 4 ndiyo dozi ya taa hii, kwa umbali huu, kwa ukoo huu. Taa ikibadilishwa, chora upya.

Mimi napenda wabaki hai kati ya asilimia 1 na 5. Wapo wanaosaka vifo vya 99.9 wakiamini ukali ndio dawa. Waliobaki hapo wana majeraha mengi kwa mpigo: wanakua kwa kujikokota, hawatoi spora, na ukipata mmoja anayetoa kimeng'enya huwezi kumlisha.

Halafu macho. Ukiangalia taa hii bila miwani hutasikia kitu saa hiyo. Usiku ndiyo utaamka macho yamejaa kama mchanga. Mafundi wa kuchomelea pale Unga Limited wanaujua ugonjwa huo, waulize. Na usipeleke mkono mtupu chini ya taa "mara moja tu", ngozi inaungua.

5. Piga raundi yenyewe. Dozi ile ile, siku moja, spora mpya zilizovunwa asubuhi hiyo. Gizani, friji, kisha panda kwenye media yenye Triton ili kila sahani ipate makoloni 20 hadi 40. Panda na spora za mzazi ambazo hazikupigwa. Saa 24 za kwanza ziwe giza kabisa. Baada ya hapo mwanga hauna neno, tena Trichoderma huupenda ili itoe spora.

Kuhusu kemikali kama nitrosoguanidini na EMS: zinafanya kazi, na watu wakubwa wamezitumia. Kwa anayeanza nasema hapana. Zinabadilisha DNA yako pia, na maabara nyingi ndogo hazina kabati la hewa wala utaratibu wa kuzitupa.

6. Nambari kwanza, rangi baadaye. Kosa la kawaida: mtu anamwaga kongo-redi moja kwa moja kwenye sahani yenye makoloni yaliyokomaa. Spora zinaelea, zinahama, na anachokichota kwenye duara kubwa ni mchanganyiko wa majirani wote.

Fanya hivi. Chagua makoloni 200 hivi bila kubagua. Hata madogo, hata meupe. Kila moja lihamishe kwa kijiti cha meno kilichochemshwa kwenda sahani ya akiba yenye nambari. Kisha kutoka akiba gusa sahani ya majaribio ya CMC, vidoa vinane kwa sahani, na mzazi katikati ya kila sahani. Mzazi katikati. Kila sahani. Unene wa agari hutofautiana kati ya sahani na sahani, na duara la milimita 18 kwenye agari nyembamba linaweza kuwa 13 kwenye nene.

Otesha nyuzi 28 kwa saa 48, kisha hamishia nyuzi 50 kwa saa chache: kuvu inasimama kukua, kimeng'enya kilichokwisha tolewa kinaendelea kula. Mwagia kongo-redi, acha dakika 15, iondoe, weka maji ya chumvi dakika 15, rudia chumvi. Palipoliwa selulosi pataonekana duara angavu kwenye wekundu. Kongo-redi si rangi ya kuchezea, inahusishwa na saratani: vaa glovu, na usimwage kwenye sinki. Ukiikosa, tumia iodini: gramu 1 ya iodini na gramu 2 za iodidi ya potasiamu kwenye mililita 300 za maji, dakika 3 hadi 5.

Pima kipenyo cha duara, gawanya kwa kipenyo cha koloni. Lakini uwiano huu una uongo wake. Koloni gonjwa, dogo kama punje ya mtama, hupata uwiano mkubwa kwa sababu tu halikukua. Na CMC huliwa na aina moja tu ya selulesi. Kuvunja bagasi kunahitaji kundi zima. Kwa hiyo duara linakuruhusu kumtupa mtu, halikuruhusu kumtangaza mshindi.

Ongeza sahani ya pili ya majaribio, CMC ile ile pamoja na glukosi gramu 20 kwa lita. Kuvu ikiona sukari ya bure huacha kutoa selulesi, kama mtoto aliyepewa andazi hatagusa makande. Mzazi kwenye sahani hii atatoa duara jembamba au asitoe kabisa. Mutanti anayetoa duara huku sukari ipo ni wa kushika kwa mikono miwili. Hii ndiyo njia iliyozaa ukoo maarufu kuliko wote. Babu yake ni QM6a, kuvu iliyopatikana Visiwa vya Solomon wakati wa Vita Kuu ya Pili ikila vifaa vya pamba vya jeshi la Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Montenecourt na Eveleigh, Chuo Kikuu cha Rutgers kule New Jersey, walimpitisha raundi tatu: UV, kemikali, kisha UV tena, wakichuja kwa kumbana na vizuizi vya aina ya sukari. Wakapata RUT-C30. Miaka baadaye ikaonekana kwamba jeni ya cre1, ile inayozima selulesi sukari ikiwepo, ilikuwa imekatika. Zingatia: raundi tatu, na kila raundi ilikuwa na kichujio chenye akili. Taa yao haikuwa na uchawi kuliko yako.

7. Wapeleke kwenye flaski. Kutoka 200 chukua kama 10. Flaski za mililita 250, kila moja na media mililita 50, tatu kwa kila mutanti na tatu za mzazi, raundi hiyo hiyo, mashine hiyo hiyo.

Chumvi za Mandels kwa lita: fosfeti ya potasiamu (KH2PO4) gramu 2, salfeti ya amonia gramu 1.4, urea gramu 0.3, salfeti ya magnesiamu gramu 0.3, kloridi ya kalsiamu gramu 0.3, peptoni gramu 1, na kidogo kidogo za chuma (miligramu 5), manganizi (1.6), zinki (1.4) na kobalti (2), zote zikiwa chumvi zake. Kalsiamu ichemshwe pembeni na kuongezwa ikipoa, la sivyo fosfeti inaganda chini kama chokaa. Kwa flaski ongeza selulosi ya unga gramu 10 kwa lita na uanze na pH ya 5 hivi.

Anzisha kila flaski kwa idadi sawa ya spora, milioni 1 kwa mililita ya media. Kukata kipande cha agari na kukitupia ndani ni uvivu utakaokugharimu: vipande havilingani. Nyuzi 28, mizunguko 150 kwa dakika. Chukua sampuli siku ya 3, 5 na 7, kwa sababu mutanti anaweza kufika kileleni mapema kuliko mzazi, na ukipima siku ya 7 peke yake utamkuta ameshashuka.

Huna mashine ya kutikisa? Tumia bagasi. Gramu 5 za bagasi iliyosagwa na gramu 5 za pumba za ngano kwenye flaski, lowesha kwa mililita 15 hadi 20 za maji ya chumvi za Mandels, chemsha, panda spora, otesha siku 5 hadi 7. Kuvuna: mililita 100 za bafa ya sitreti, tikisa nusu saa, kamua kwa kitambaa cheupe, acha taka zitulie au zungusha kwenye sentrifuji.

8. Pima kwa DNS. Mililita 0.5 ya kimeng'enya, mililita 0.5 ya CMC asilimia 2 ndani ya bafa, nyuzi 50, dakika 30 kamili. Simamisha kwa mililita 3 za DNS, chemsha dakika 5, poza, soma nanomita 540.

Tumerudi kwenye mwinuko: maji ya Arusha huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100, na rangi ya DNS inategemea joto hilo. Kwa hiyo usitumie mstari wa viwango vya glukosi ulioletwa na rafiki kutoka Dar es Salaam. Viwango vyako vichemke sufuria moja na sampuli zako, siku ile ile.

Weka vidhibiti viwili: kimoja chenye DNS iliyotangulia kabla ya kimeng'enya, kingine chenye CMC bila kimeng'enya. Cha kwanza kinakuonyesha sukari iliyokuwamo tayari kwenye flaski. Mfano: kimeng'enya kilichopunguzwa mara 10 kimetoa glukosi miligramu 0.9 baada ya kuondoa vidhibiti. Hiyo ni maikromoli 5. Gawanya kwa dakika 30, gawanya kwa mililita 0.5, zidisha kwa 10: yuniti 3.3 kwa mililita (yuniti moja ni maikromoli moja ya sukari kwa dakika).

Wale wawili au watatu wa juu wapime pia kwa karatasi ya chujio, Whatman Na. 1, kipande cha sentimita 1 kwa 6, dakika 60. Hapo ndipo kundi zima la selulesi linapoonekana. Wengi waliovimba kwenye CMC huanguka hapa.

9. Mpitishe vizazi. Hamisha mutanti kwenye media ya viazi mara 10, kila safari kutoka koloni la spora moja, na upime kizazi cha 1, cha 5 na cha 10 pamoja na mzazi. Nilikuwa na nambari 63. Duara lake lilikuwa kubwa, flaski yake mara mbili ya mzazi, nikaanza hata kuandika ripoti. Kizazi cha 5 alikuwa robo tatu ya alivyoanza, kizazi cha 10 alikuwa mzazi mtupu. Ripoti ile ipo kwenye droo mpaka leo.

10. Weka akiba siku unayompata, siyo siku unayomaliza. Spora kwenye gliseroli ya asilimia 20 hadi 25, friji ya chini ya sufuri. Na kwa sababu umeme wetu tunaujua, weka akiba ya pili isiyotegemea friji: udongo mkavu uliochemshwa mara mbili, tone la spora juu yake, ukauke, ufungwe. Raundi ya pili ianze na mshindi aliyethibitika, kutoka kwenye akiba ya kizazi cha mwanzo.

Mambo yakienda mrama

*Hakuna aliyekufa.* Mfuniko, umbali, spora zilizoshikana, au taa siyo ya 254. Kwa mpangilio huo.

*Wote wamekufa hata dakika 1.* Spora chache mno au taa karibu mno. Sogeza hadi sentimita 40.

*Sahani zimejaa utelezi unaong'aa.* Ni bakteria. Angalia uchemshaji wako kwanza, kumbuka mwinuko. Kloramfenikoli kidogo kwenye media inasaidia, ila isiwe kisingizio cha uchafu.

*Kuna koloni jeusi au la rangi ya chungwa lenye duara kubwa ajabu.* Kabla ya kusherehekea, liweke chini ya darubini. Mara nyingi ni mgeni aliyeingia na hewa.

*Flaski ina kuvu tele lakini kimeng'enya hakuna.* Pima pH. Kuvu inapokula amonia pH hushuka, na ikienda chini ya 3 selulesi inaharibika ikiwa humo humo.

*Umeme ulikatika usiku, mashine ikasimama kwa muda wa saa nne.* Namba za raundi hiyo usizichanganye na za raundi nyingine. Unaweza kumlinganisha mutanti na mzazi aliyekaa naye usiku ule ule, basi.

*DNS inasoma juu hata kabla ya dakika 30.* Kuna sukari kwenye media. Labda selulosi haijaisha kuliwa, au umesahau kidhibiti cha kwanza.

*Mutanti ni mara mbili ya mzazi kwenye flaski, kwenye bagasi hakuna tofauti.* Hili hutokea sana kwa waliochujwa kwa sukari. Kwenye bagasi sukari huru ni kidogo, hivyo mzazi naye hakuzimwa, na faida ya mutanti haionekani. Kama lengo lako ni kuzalisha kwenye trei za bagasi, rudi hatua ya 6 na uchuje juu ya bagasi yenyewe.